Watoto wanaochanga nao wasomewe hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu shule za msingi zinazoshirikiana na mashirika ya hisani kusaidia watoto wa nchi nyingine. Ushirikiano wenyewe sina ugomvi nao. Kisanduku cha michango kimekaa juu ya meza yangu darasani mara nyingi, na kikirudi nitakipokea. Kinachonikera ni kwamba wanaochanga ni watoto, lakini taarifa ya fedha zao huishia kwa mwalimu mkuu. Wao huambulia makofi mstarini na cheti cha kubandika ukutani.

Hata kikundi kidogo cha kuweka na kukopa kina siku yake ya kusomewa mapato na matumizi. Kwa nini wanafunzi wasisomewe? Mtoto wa miaka kumi anajua kujumlisha, kutoa na kugawanya. Ukimwambia kwamba katika kila mia iliyokusanywa, kiasi hiki kilinunua madaftari, kiasi hiki kililipa usafiri na kiasi hiki ni mishahara ya watumishi wa shirika, ataelewa, na atauliza maswali makali kuliko ya kamati ya shule. Mishahara hainitishi. Gari halijiendeshi na vitabu vya hesabu havijikagui. Shirika linalonitia shaka ni lile linaloapa kwamba kila senti inamfikia mtoto. Hilo liulizwe dereva wake analipwa na nani.

Liko na swali linalotangulia hesabu: nani aliamua kitu hiki ndicho kinachohitajika? Mwaka 2009 wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichapisha utafiti wao kuhusu shule za msingi za vijijini Kenya zilizogawiwa vitabu vya kiada. Wastani wa alama za mitihani haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale ni lugha ya tatu, na wengi hawakuweza kuvisoma wakavielewa. Wala havikuwa vitabu vya kuokoteza. Vilikuwa vile vile rasmi vya mtaala wa serikali. Sasa fikiria yale maboksi ya vitabu vya hadithi vilivyochakaa tunavyoviondoa kabatini kwetu na kuviita zawadi.

Asije mtu akasema nahubiri kwamba misaada haina faida. Glewwe huyo huyo, pamoja na Bruce Wydick na Laine Rutledge, mwaka 2013 walichapisha utafiti kuhusu watu wazima katika nchi sita waliowahi kufadhiliwa utotoni kupitia Compassion International, shirika linalowaunganisha watoto maskini na wafadhili wa nchi nyingine. Waligundua kuwa ufadhili uliwaongezea kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu wa masomo. Hizo ni habari njema, na zinaweza kuelezwa darasani bila kuwaliza watoto. Sijawahi kumsikia afisa wa shirika lolote akiwaeleza wanafunzi matokeo ya namna hiyo. Huja na picha.

Na picha zenyewe tunazijua: mbavu, nzi, macho makubwa. Mwaka 1919 Eglantyne Jebb, mwanzilishi wa Save the Children, alikamatwa London kwa kugawa karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria aliyekondeana kwa njaa, akatozwa faini ya pauni 5. Alikuwa akiishtaki serikali yake mwenyewe, ambayo bado ilikuwa imewazingira waliokuwa maadui vitani hata chakula kisipite. Picha ile ilikuwa na mtu wa kuulizwa. Miaka mitano baadaye Shirikisho la Mataifa (League of Nations) la Geneva, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, lilipitisha tamko la haki za mtoto ambalo yeye ndiye aliyeliandika. Leo Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unalinda faragha na heshima ya mtoto katika ibara ya 16, nasi tunabandika ukumbini sura ya mtoto aliye nusu uchi ambaye hata jina lake hatulijui. Kipimo changu ni chepesi. Mwalimu ajiulize kama angekubali picha ya mwanafunzi wake, katika hali ile ile, ibandikwe kwenye shule ya upande wa pili.

Darasa zima kumfadhili mtoto mmoja nako kunataka tahadhari. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha uchunguzi ambao waandishi wake walifadhili watoto kadhaa kisha wakaenda kuwatafuta. Mmoja walikuta alikwisha kufariki zamani, huku fedha za ufadhili wake zikiendelea kupokelewa. Mtu mzima husoma habari hiyo akakasirika na kuhamishia mchango wake kwingine. Watoto wa miaka minane, ambao wamekuwa wakimchorea rafiki yao kadi, mwalimu atawaambia nini? Mimi ningechagua darasa lisaidie shule nzima, kisha barua ziende baina ya madarasa, zikiwa na maswali ya pande zote mbili. Hata wale wanaopokea wana ya kutuuliza.

Halafu kuna mashindano ya darasa gani limechanga zaidi. Yafutwe. Katika kila darasa yupo mtoto ambaye kwao hakuna cha kutoa, na siku ya kuhesabu wenzake wanamjua kabla ya mwalimu. Ni ajabu kumfedhehesha mtoto maskini aliye mbele yetu ili tumsaidie maskini aliye mbali.

Mashirika yatasema kuandaa taarifa ya watoto ni gharama. Ukurasa mmoja wa lugha nyepesi hauwezi kuwa ghali kuliko mabango yanayoletwa kila muhula. Ninachoomba kwa walimu wakuu ni kwamba kabla ya kutia saini ushirikiano mwingine, waweke sharti: afisa anayekuja kuomba arudi baada ya miezi kadhaa, asimame mbele ya darasa lile lile, apewe kipindi cha hisabati, na wanafunzi wawe na madaftari yao wazi. Asiyeweza kurudi atuambie mapema, ili kisanduku apewe mwingine.

Ni mimi,
Mwalimu wa darasa la tano