Kuhusu koo la mama

Rafiki yangu mpenzi,

Barua yako imenifikia. Umenieleza kirefu jinsi kiharusi kilivyomwacha mama yako na mkono usionyanyuka na mguu unaoburuzika, kisha ukapitisha neno moja tu: mama "anapaliwa kidogo" akinywa maji. Hapo ndipo niliposhtuka. Mkono utafanyiwa mazoezi taratibu, lakini kupaliwa ndiko kunakoleta nimonia, na nimonia huwamaliza wengi waliokwisha kunusurika na kiharusi chenyewe. Hata anayepona haachiwi salama: waliougua nimonia siku zile za mwanzo hufariki kwa wingi zaidi katika miaka inayofuata, na wengi hubaki wa kusaidiwa.

Misuli ya kumezea hulegea kama ya mkono. Takribani nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida ya kumeza mwanzoni. Maji, chakula, hata mate, hupotea njia yakaingia mapafuni, na kikohozi hakina nguvu ya kuyatoa. Kinga ya mwili nayo hushuka wakati huohuo. Wapo wanaopaliwa kimyakimya, bila kukohoa hata kidogo, kwa hiyo sikiliza sauti: ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, kana kwamba kuna kitu kinachemka kooni, acha kumlisha.

Mpeleke kwa mtaalamu apimwe kumeza. Yeye ndiye ataamua mama ale na anywe nini. Wakati wa kula mketishe wima kabisa, siyo kuegemea mito nusu amelala. Tumia kijiko cha chai, usijaze. Ngoja ameze, kisha mwambie afungue kinywa uangalie ndani ya shavu la upande uliopooza, maana chakula hujificha hapo na yeye hakihisi. Televisheni izimwe, maongezi yangoje. Akimaliza, abaki ameketi dakika 30. Akiwa anasinzia usimlishe, hata kama ameshinda njaa. Maji matupu ndiyo magumu kuliko vyote kwa sababu hukimbia; mtaalamu akisema yafanywe mazito, shika kipimo chake, maana yakizidi uzito mgonjwa huyakataa akaishiwa maji mwilini.

Kinywa ndicho watu wanachokidharau, na kwangu mimi ni nusu ya kazi. Vijidudu vya kinywani ndivyo vinavyoshuka na mate. Mpige mswaki asubuhi na usiku, meno na ulimi, hata siku asiyokula. Meno bandia yalale nje. Na wakimwekea mpira wa kulishia puani, usidhani umemaliza: mate bado hupita, na chakula huweza kurudi kutoka tumboni. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45.

Antibiotiki za kujikinga usinunue. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2015, moja la Uholanzi na jingine la Uingereza, yalionyesha kuwa kuwapa wagonjwa wa kiharusi dawa hizo mapema hakukupunguza nimonia.

Mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima ukitazama saa. Zikizidi 24, au joto likifika 38, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Ila kwa umri wake homa yaweza isije kabisa. Utaona tu amechanganyikiwa, analala mno, au anakataa chakula alichokipokea vizuri jana. Hiyo pia ni safari ya hospitali.

Niandikie akishapimwa kumeza, unieleze wamesema nini kuhusu maji.

Wako daima