Kuhusu mandhari, kabla ya Jumamosi

Hamjambo wapendwa. Nimesoma hadithi zote saba mlizotuma na nimefurahi kweli. Ila jambo moja limejirudia: mnaandika "soko lilikuwa na shughuli nyingi", kisha mnapita. Msomaji haoni kitu hapo.

Nendeni soko la Gikomba, hapa Nairobi, asubuhi, msimame dakika 10 bila simu mkononi. Kabla ya macho kuzoea, masikio yatapokea nyundo za mafundi wa jua kali kule Kamukunji. Halafu harufu ya samaki. Halafu robota la mitumba likifunguliwa: kamba zinakatwa, nguo zinafura kama unga uliotiwa hamira, na wanunuzi wanainama wote kwa pamoja. Chagueni vitu viwili au vitatu. Mkimwaga vyote, hadithi inasimama.

Na macho ni ya nani? Mama anayemtafutia mwanawe sare ya shule ataona kola zilizochakaa. Kijana aliyeibiwa jana ataona mikono ya watu tu. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, maana soko ni lile lile, lakini tayari tumewajua watu wawili.

Punguzeni "sana" na "nzuri". Kitenzi kikikaa sawa kinatosha: matatu haikuondoka kwa kasi sana, ilichomoka.

Jumamosi saa nne asubuhi kila mmoja aje na aya moja ya mahali anapopajua, isizidi maneno 100. Tutazisoma kwa sauti. Atakayechelewa anijulishe mapema, tafadhali.