Mwamba ulio chini si lazima uwe mkongwe

Kwako Mhariri,

Wiki jana binti yangu wa Kidato cha Tatu alirudi nyumbani amekatwa alama mbili za jiografia, nami bado zinanikereketa. Mchoro ulionyesha matabaka manne ya miamba yaliyolaliana, na mshipa wa mwamba wa volkeno uliopanda kutoka chini ukatoboa matatu, ukakomea chini ya la nne, ambalo limelala juu ya kichwa chake kilicholiwa na mmomonyoko. Swali: kipi kilitangulia, kipi kikafuata? Binti aliuweka mshipa baada ya tabaka la tatu, kabla ya la nne. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: kilicho chini ndicho kikongwe, basi mshipa ndio wa kwanza.

Kanuni hiyo haina kosa. Mdenmarki Nicolaus Steno aliichapisha mwaka 1669. Ila inahusu kilichotandazwa: mchanga, tope, majivu ya volkeno, lava. Mshipa haukutandazwa, ulipenya, na huwezi kutoboa kitu ambacho hakijakuwapo. Mwaka 1785, huko Glen Tilt nchini Scotland, mwanajiolojia James Hutton aliona mishipa ya graniti imejipenyeza ndani ya miamba mingine, akajua graniti ile ilikuja nyuma. Wengi wa zama zake walishikilia kwamba graniti ndiyo mwamba wa kwanza duniani. Kumbe wino mwekundu wa juzi una ukoo mrefu!

Sisi wa Nairobi hata Scotland hatuna haja nayo. Barabara inatiwa lami. Mwezi haujaisha, watu wa mabomba wanakuja kuipasua. Bomba linalala chini ya lami, lakini nani mtaani atakuambia bomba lilitangulia? Na zege la ghorofa je? Kokoto zilikuwako kabla ya zege, vivyo hivyo mwamba uliomeza vipande vya mwingine ni mdogo kwa umri kuliko vipande hivyo.

Hata mwinuko hudanganya. Uwanda wa juu wa Yatta, wenye urefu wa karibu kilomita 300, ni lava iliyotiririka ndani ya bonde. Ardhi ya kandokando ikamomonyoka, lava ngumu ikabaki imesimama, na palipokuwa bonde pakawa mlima. Mchanga unaosukumwa na Mto Athi chini ya kingo za uwanda huo ni wa jana tu mbele ya lava iliyo juu, ingawa mtoto aliyekaririshwa “chini ni mzee” atakujibu kinyume.

Simwandami mwalimu, huenda majibu ya kusahihishia yalimfikia hivyo hivyo. Naomba tu wanaotunga mitihani ya majaribio wamwulize mwanafunzi sababu ya mpangilio wake, na alama zitoke kwenye sababu hiyo.

Binti amenikataza kwenda shuleni, eti nitamwaibisha. Kuandika gazetini hakunikataza.

Mzazi,
Umoja, Nairobi