YAH: MALALAMIKO KUHUSU SIMBILISI WETU MLIYEMCHOMA SINDANO BILA HATA KUMPIMA UZITO

Kwa Meneja wa Kliniki,

Salaam. Najitahidi kuandika kwa heshima, ila ujue heshima hii naishikilia kwa nguvu, maana dada wenu wa mapokezi kanikatia simu nikiwa bado naongea na nilivyopiga tena haikupokelewa. Faili la Karanga, simbilisi (guinea pig) wa binti yangu tuliyemleta kwenu kwa sababu anakonda, mnalo hapo hapo na utaratibu wenu mnaujua kuliko mimi, kwahiyo sirudii historia yote.

Nianze na hela. Kwenye risiti mmeandika "uchunguzi wa meno". Meneja, meno hayakuchunguzwa. Daktari alimfunua mdomo akaangalia yale manne ya mbele akasema mazima, basi. Simbilisi ana meno 20, yaani 16 ni magego yapo ndani kabisa na mdomo wenyewe mwembamba, huyaoni bila kifaa chenye taa, na hicho kifaa hakikutolewa hata kwenye droo. Na mimi nilishasema pale mapokezi, nikarudia kwa daktari, kwamba Karanga hajakataa chakula, chakula anakitaka, analikimbilia jani, analishika, anatafuna kidogo linadondoka, na kidevu kimelowa mate muda wote. Nilikuja na daftari la uzito, nampima kila asubuhi kwenye mizani ya jikoni, alikuwa gramu 940, siku ya kuja kwenu yupo 690. Daktari hakulifungua.

Sasa lile la mezani. Alimtoa kwenye boksi kwa mkono mmoja, kamkamata shingoni huku miguu inaning'inia, Karanga anapiga kelele, binti yangu wa miaka tisa amesimama pembeni anamwambia daktari tafadhali mshike na chini. Daktari akacheka, akamgeukia msaidizi wake, halafu akaniambia mbele ya mtoto: "Mama, huyu ni panya tu, mnunulie mtoto mwingine yaishe." Akamchoma sindano. Bila kumpima. Nikauliza dawa gani, akasema antibiotiki ya kawaida, mbwa na paka wote tunawapa, akanipa na chupa ya kwenda nayo nyumbani nimnyweshe asubuhi na jioni.

Chupa ile ilikuwa amoksilini. Hili naomba ulisome taratibu. Amoksilini, ampisilini na ndugu zake wa penisilini simbilisi hapewi, zinaua bakteria wazuri wa tumboni wanaomsaidia kusaga majani, wabaya wanabaki kutoa sumu, anaharisha na anaweza kufa ndani ya siku chache. Hii sio siri ya madaktari bingwa, ni jambo la mwanzo kabisa kwa anayetibu wanyama hawa, na zipo antibiotiki nyingine anazozivumilia. Karanga alianza kuharisha. Nikapiga simu kwenu usiku, namba ya dharura iliyopo kwenye bango lenu, nikaambiwa asile chochote mpaka asubuhi tumbo lipumzike. Asile! Mnyama ambaye hatapiki, ambaye tumbo lake likisimama ndo mwisho wake, aliyekuja kwenu kwa sababu anakonda!

Na hapo hapo nikumbushe, maana nilitaka kusahau, duka lenu la pale mlangoni ndo liliniuzia peleti za sungura (kile chakula cha vidonge) miezi iliyopita nikaambiwa ni zile zile. Sio zile zile. Simbilisi ni kama sisi binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C, anahitaji kati ya miligramu 10 na 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na peleti za sungura haziwekewi. Bahati nzuri nyumbani anakula hoho na majani kila siku, la sivyo tungeongeza na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, juu ya hayo yote. Kuna wateja wangapi mnawauzia hivyo?

Tukampeleka kwa daktari mwingine, tumepita na foleni ya Ubungo mtoto kapakata boksi. Huyu kwanza alimpima. Akasoma chupa yenu akasema dawa hii mwisho leo, asipewe tena. Akaingiza kifaa chenye taa, na ndani ya dakika chache akaona: magego ya chini yameota kuelekea ndani yakakutana juu ya ulimi kama daraja, ulimi umebanwa hauwezi kusukuma chakula nyuma. Ndo maana linadondoka. Alisubiri kuharisha kupungue akamsaga magego kwa nusu kaputi, na mpaka leo namlisha uji wa peleti kwa sirinji usiku na mchana, majani makavu ameanza kuyatafuna mwenyewe taratibu. Gramu zinapanda. Sio kwa sababu yenu.

Narudi pale mezani kwa sababu nikilala naliona. Alikuwa ananing'inia. Chumba hakikuwa kitupu, alikuwepo baba mmoja na mbwa wake mkubwa, mbwa kashikwa vizuri, kabembelezwa, kaitwa jina. Wa kwetu hakuulizwa hata jina. "Huyu ni panya tu, mnunulie mtoto mwingine yaishe," na wanacheka, na yule baba akainamisha macho, na mwanangu kashika ukingo wa meza analia bila sauti, na daktari anavuta dawa kwenye sindano bila kujua mnyama ana uzito gani. Hivi dozi aliipata wapi? Na hela mlipokea kamili, hakuna aliyesema panya hatulipishi.

Nilipopiga simu mwanzo nilikuwa nataka kurudishiwa hela ya huo uchunguzi wa meno tu. Baada ya kukatiwa simu, haitoshi. Nataka mrudishe gharama yote ya siku ile pamoja na ile chupa, mlipe na matibabu ya daktari wa pili, risiti zote nimeambatanisha na picha ya chupa lebo yenu inaonekana. Nataka nakala ya faili la Karanga ikionyesha aliandikiwa nini na nani. Nataka daktari yule amwombe radhi mwanangu kwa maandishi, mwanangu, sio mimi. Na peleti za sungura muache kuwauzia watu wa simbilisi.

Nawapa siku 7. Baada ya hapo barua hii na viambatanisho vyake inakwenda Baraza la Veterinari, ambalo ndilo linalosajili madaktari wa mifugo kwa Sheria ya mwaka 2003, na nitaomba waangalie pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 kuhusu namna alivyoshikwa. Na nitawaambia wafugaji wote wa simbilisi na sungura ninaowajua hapa Dar, mmoja mmoja, kwa kuwaonyesha hizo risiti.

Majibu nayataka kwa maandishi. Msinipigie simu.

Mimi mteja wenu wa zamani,
Mama wa mtoto mwenye Karanga, Kimara