Mtoto wa miaka mitano, tunaambiwa tumlete akikua

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Mtwara.

Mi ni mjomba mtu, na kwetu Wamakonde unajua mjomba ndo anaulizwa mambo ya mtoto wa dada yake. Huyu wetu ana miaka mitano, baba yake alifariki mwaka jana kwa ajali ya bodaboda, sisi wakubwa tukamwambia baba kasafiri. Basi akaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, chekechea anang'ata wenzie mpaka mwalimu kamrudisha nyumbani, pikipiki ikipita nje anaingia uvunguni. Huyu anasema achapwe, yule anasema ni mashetani apelekwe kwa fundi. Kituo cha afya, sikitaji, wakatwambia mtoto mdogo hana stresi, mleteni akikua.

Tukapanda basi mpaka Dar, kilomita zaidi ya 500. Nilidhani atakalishwa kwenye kiti ahojiwe, kumbe yule dada mtaalamu wa afya ya akili ya watoto kakaa chini kwenye mkeka na midoli na kalamu za rangi, hamuulizi kitu. Mtoto akaokota kapikipiki ka plastiki, anakaangusha, anakafunika na kitambaa, anakafunua, anakaangusha tena, mama yake akashindwa akatoka nje.

Alafu muda mwingi akaongea na sisi. Mwambieni baba amekufa, neno lenyewe, maana aliyesafiri hurudi na huyu anamngoja. Na kila siku dakika kumi mama acheze naye mchezo anaoutaka mtoto, asimfundishe wala asimkemee. Tumefanya hivyo, kung'ata kumepungua sana, kitanda bado.

Sasa Mhariri, hospitali ya kanda imejengwa pale Mitengo na tunashukuru, kama mtaalamu wa hivi yupo tutangaziwe, kama hayupo aletwe hata siku moja kwa mwezi, Lindi nao hivyo hivyo. Na kliniki ya watoto jamani, mtoto anapimwa uzito, anaandikwa kwenye kadi, anachomwa sindano, manesi wangeuliza na siku hizi analalaje, anachezaje na wenzie, hilo swali halihitaji mashine.

Sisi tulitakiwa turudi Dar baada ya mwezi. Hatujaenda, nauli tunasubiri mnada wa korosho.

Mjomba, Mtwara