Kiyoyozi kinaunguruma, dirisha liko wazi

Bwana Mhariri,

Wiki jana nilikwenda kufuatilia hati ya kiwanja changu katika ofisi moja ya serikali hapa Lubumbashi. Jina lake silitaji, maana hati yenyewe bado naisubiri. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mapazia yamefungwa kwa sababu jua linapiga ukuta wa kioo. Mapazia yakifungwa giza linaingia, basi taa sita zinawaka. Watu tumejaa, kiyoyozi kinaunguruma. Na kwa kuwa hewa ilikuwa nzito, mama karani alifungua dirisha! Umeme ulipokatika, jenereta ikawashwa uani, na moshi wa mazutu (dizeli) ukatuingilia kwa dirisha lile lile.

Mimi ni fundi umeme, siwezi kukaa kwenye foleni bila kuhesabu. Kiyoyozi kama kile hula karibu wati elfu moja. Taa ya LED, wati tisa hivi. Kubadilisha taa ni vizuri, lakini ugonjwa uko ukutani. Wakoloni sina la kuwasifia, ila nyumba zao za hapa mjini zina barza pana, dari ndefu na matundu ya hewa chini ya paa. Mwezi wa kumi jua letu la adhuhuri liko utosini, paa linalizuia. Linalotuchoma ni la alasiri, likishuka magharibi na kuingia moja kwa moja. Aliyechora ule ukuta wa kioo kuelekea magharibi alituandikia bili ya miaka arobaini.

Afrika Kusini, ambako malori yetu hayaishi kwenda, iliagiza Desemba 2020 kwamba ofisi za serikali zinazozidi mita za mraba 1,000 zibandike mlangoni cheti cha umeme zinaotumia. Tarehe ya mwisho wameisogeza, najua. Lakini sisi hata mita ya umeme ya peke yake majengo mengine hayana. Jimbo lianze hapo: kila jengo na mita yake, bili ibandikwe mlangoni, na ramani ya ofisi mpya isiyoonyesha kivuli upande wa magharibi isipigwe muhuri.

Umeme si wa kuchezea: kwetu Katuba ukienda tunawasha mbabula, jiko la makaa, na makaa yale ni miti ya miombo iliyokuja mjini juu ya baiskeli.

Nimeambiwa nirudi Jumatatu. Nitakwenda asubuhi, jua likiwa bado upande wa pili.

Fundi umeme, Katuba, Lubumbashi