YAH: Pedali ya mafuta iliyonasa kwenye kapeti zenu, na jibu nililopewa mapokezi

Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika kwa heshima, na kwa heshima hiyohiyo naomba barua hii usimpelekee fundi wenu mkuu aijibu, maana ndiye ninayemlalamikia. Masharti ya dhamana mliyaandika wenyewe, sina haja ya kuwakumbusha. Fomu ya makabidhiano mnayo, nami ninayo.

Ugomvi wangu si na kiwanda kilichotengeneza gari. Siku ya kuchagua, kijana wenu wa mauzo alinitembeza yadi nzima kwa adabu. Mark X aliisifia injini ya V6 na kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Teana, nafasi na ulaini wa viti. Atenza, kwamba haili sana mafuta. Legacy, kwamba magurudumu yote manne yanafanya kazi, na njia ya kwetu Mbezi wakati wa masika inataka hivyo. Tulibishana kuhusu buti, kuhusu spea za Gerezani, kuhusu ipi utaiuza kesho bila kulia. Niliyochukua mnaijua. Jina lake silitaji hapa, kwa sababu gari lolote kati ya hayo mkilitandikia kapeti mlizonitandikia mimi, litafanya yaleyale.

Kapeti zile mlinipa kama zawadi. Za mpira, nene, zimewekwa juu ya kapeti asilia, wala hazikufungwa kwenye vile vishikizo viwili vya sakafuni upande wa dereva. Sikuziomba.

Nilikuwa Barabara ya Bagamoyo, nimeshapita Tegeta, mama yangu mzazi amekaa kiti cha pembeni. Mbele kuna lori la mchanga. Nikakanyaga mafuta hadi mwisho ili nilipite, nikalipita, nikaondoa mguu. Gari likaendelea kuvuta. Nikakanyaga breki, likapungua kidogo; nikaachia, nikakanyaga tena, na safari hii breki ikawa ngumu kama gogo. Mafundi wenu wanajua sababu, au wanapaswa kujua: injini ikiwa imefunguliwa mafuta yote, busta ya breki, ile inayouongezea mguu nguvu, haipati tena mvuto wa hewa, ukiachia na kurudia unabaki na nguvu ya mguu wako tu. Nikasukuma gia kwenye N, yaani gia huru. Injini ikapiga kelele ya kutisha, nikaegemea kulia na kushoto nikitafuta pa kwenda, tukasimama mchangani mbele ya wauza vitanda. Mama hakusema neno. Moshi wa breki ulikuwa unatoka magurudumu ya mbele.

Sasa njooni kwenye kaunta yenu.

Nilieleza yote haya kwa sauti ya kawaida. Fundi wenu mkuu akanisikiliza hadi nusu, akainama, akaangalia miguu yangu, akauliza mbele ya wateja wote: "Mama, siku hiyo ulivaa viatu gani?" Kisha akajijibu mwenyewe: "Ulikanyaga mafuta ukidhani breki. Akina mama wengi hutokea." Watu wakacheka. Nikapewa karatasi yenye maneno "kosa la dereva", na mhuri wenu.

Nilipojaribu kubisha, akaniambia hata NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilichunguza jambo hili la magari kukimbia yenyewe na kukuta ni madereva. Nimelisoma jambo hilo tangu siku ile, Ndugu Meneja, na naomba umwambie asitaje vitu nusunusu. Wahandisi wa NASA, katika ripoti iliyotolewa Februari 2011, walisema hawakupata hitilafu ya kielektroniki ya kufanya magari ya Toyota yakimbie yenyewe. Hawakusema kapeti hazinasi pedali! Kapeti kunasa pedali, na pedali zinazokwama au kuchelewa kurudi, yalikuwa yameshajulikana kabla ya hapo, na magari kwa mamilioni yaliitwa yarudi kurekebishwa. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kumaliza uchunguzi wa jinai nchini humo kuhusu ilivyowaeleza wateja tatizo hilo.

Sikatai kwamba watu hukosea pedali. Kelele ile ya miaka ya themanini, kwamba magari ya Audi 5000 yanakimbia yenyewe, iliishia hapo: mwaka 1989 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilisema kwa sehemu kubwa ni madereva kukanyaga pedali isiyo yake. Lakini kesi za namna ile gari huwa limesimama, mtu anatoka kwenye maegesho, anaingiza gia, gari linaruka. Mimi nilikuwa mwendo wa barabara kuu, nimekanyaga mafuta kwa makusudi, nikaondoa mguu. Fundi wa miaka mingi hatofautishi?

Na kuna mkasa ambao kila muuza magari angepaswa kuujua. Agosti 2009, Santee, California, Lexus ES 350 ilikimbia hadi ikaua watu wanne wa familia moja. Dereva alikuwa askari wa doria ya barabara kuu wa jimbo hilo, sijui naye angeulizwa viatu. Gari lilikuwa la kuazimwa kutoka kwa muuzaji, na ndani lilikuwa limetandikwa kapeti za mpira za aina nyingine ya Lexus, ile RX. Mteja aliyeliazima kabla yake alikuwa ameshawaambia watu wa mapokezi kwamba kapeti ilinasa pedali. Aliwaambia watu wa mapokezi, kama mimi nilivyowaambia wa kwenu.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu sijamaliza. Alipoinama kutazama miguu yangu, hakunitazama mimi peke yangu. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye benchi lenu, mtu mzima wa kupewa shikamoo, na hakupewa. Fundi alisema "viatu gani" kwa sauti ya mtu anayetafuta watazamaji, akawapata. Wa kwanza kucheka alikuwa mhasibu wenu, huyohuyo aliyenisimamia kwa unyenyekevu nikihesabu pesa taslimu. Na nyuma ya bega la fundi, dirishani, niliona kitu ambacho yeye hakukigeukia: kapeti zangu zimeanikwa kwenye uzio. Vijana wenu wa kuosha magari walizitoa kabla hajalijaribu gari. Alizunguka nalo yadini bila kapeti, pedali ikarudi vizuri, akaandika hakuna hitilafu. Nilimwonyesha kwa kidole. Akasema, "Mama, kapeti ni kapeti."

Nimelipeleka gari kwa fundi mwingine. Ukingo wa kapeti yenu ya juu una alama ya kuumwa, upana wake sawasawa na ncha ya chini ya pedali. Picha nimeambatanisha. Diski za mbele zimegeuka rangi ya bluu kwa joto, pedi zimekwisha.

Nilipokuja kwenu nilikuwa nataka mambo madogo: mtazame kapeti, mnilipie pedi na diski, basi. Mngeyafanya hayo siku ileile ningewashukuru na kuwaletea wateja. Kwa sasa nataka pedi na diski, karatasi ya "kosa la dereva" ifutwe kwa maandishi, na barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na wewe, iandikwe kwa jina la mama yangu pia. Nataka kila gari mlilolitoa na zawadi ile lirudishwe, kapeti ya juu iondolewe. Simu za wateja wenu mnazo. Mnatupigia kila sikukuu.

Kwa kweli, kadiri ninavyoandika naona hayo hayatoshi. Sina tena imani ya kumweka mzazi wangu ndani ya gari lile. Lichukueni, mnirudishie fedha zangu zote pamoja na gharama za usajili na bima.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu, jalada zima, pamoja na picha na karatasi yenye mhuri wenu, litafika Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na siku hiyohiyo wakili wangu atafungua shauri. Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi, na asije akasaini fundi.

Wenu katika biashara ambayo ningependa ingekuwa njema,

Mteja wenu
(jina na namba ya chesesi vipo kwenye faili)

Viambatanisho: picha za kapeti, pedali na diski, nakala ya karatasi ya "kosa la dereva", ankara ya fundi.

Nakala: Wakili